Nani Apangaye Bei ya Umeme? Kazi ya Tume za Serikali Zinazodhibiti Mashirika ya Huduma za Umma

Mtu akienda sokoni Kariakoo kununua nyanya, asiporidhika na bei ya fungu hana haja ya kugombana na muuzaji. Humwacha, akasogea hatua mbili tatu hadi meza ya pili, na ya tatu, mpaka apate bei inayomfaa. Muuzaji naye analijua jambo hilo, ndiyo maana hapandishi bei apendavyo. Hapo hahitajiki karani wa serikali wa kupanga bei, kwa kuwa wauzaji huchungana wao kwa wao.

Lakini mtu huyo huyo arudipo nyumbani jioni, akabonyeza swichi ya taa au akafungua bomba la maji, yuko mbele ya muuzaji wa namna nyingine kabisa. Waya uingiao nyumbani kwake ni mmoja, na mwenye waya huo ni mmoja. Bomba ni moja, na mwenye bomba ni mmoja. Bei ikipanda, hana meza ya pili ya kuhamia. Aweza kuzima taa na kuwasha kibatari, au kutuma watoto kisimani, lakini huko si kuchagua muuzaji. Ni kuikosa huduma.

Basi ni nani anayemlinda mnunuzi huyu? Na ni nani anayehakikisha kwamba mwenye waya naye hafilisiwi kwa kulazimishwa kuuza chini ya gharama yake, hata nguzo zikaoza na transfoma zikaungua bila kubadilishwa? Katika nchi nyingi kazi hiyo imekabidhiwa tume za serikali. Makala haya yanakusudia kueleza tume hizo zilizaliwaje, hufanyaje hesabu zake, na ni mitego gani inayozikabili.

KWA NINI PASIWE NA WAUZAJI WAWILI?

Swali la kwanza ambalo msomaji aweza kuuliza ni hili: kwa nini tusiruhusu makampuni mawili ya umeme katika mtaa mmoja, yashindane kama wauza nyanya? Jibu limo katika sayansi ya vitu vyenyewe.

Tuchukue bomba la maji. Kipenyo cha bomba kikiongezwa mara mbili, eneo la tundu lake huongezeka mara nne, lakini chuma cha kutengenezea ukuta wake, kama unene ni ule ule, huongezeka mara mbili tu. Mtaro wa kulifukia nao hauzidi sana. Kwa hiyo bomba moja kubwa husafirisha maji kwa gharama ndogo kuliko mabomba mengi madogo yenye uwezo ule ule.

Umeme nao una kanuni yake. Waya unapopitisha mkondo hupata joto, na joto hilo ni umeme uliopotea. Upotevu huo hufuata kipeo cha pili cha mkondo. Tukiusafirisha umeme wa kiasi kile kile katika waya ule ule kwa msongo ulio mkubwa mara kumi, mkondo hupungua hadi sehemu moja ya kumi, na upotevu hushuka hadi sehemu moja ya mia. Lakini njia za msongo mkubwa, pamoja na minara na vituo vyake, ni ghali mno. Hazilipi ila kama umeme unaopita humo ni mwingi.

Kuna jambo la tatu, nalo ni saa za matumizi. Umeme hauhifadhiki kirahisi, hivyo mtambo hauna budi kuwa mkubwa wa kutosha saa ile ambayo watu wote wanautaka. Kinu cha kusaga hutumia umeme mchana. Nyumba huutumia jioni. Taa za barabarani huwaka usiku. Kampuni moja yenye wateja wa aina zote hizi huweza kuwahudumia kwa mtambo mmoja unaofanya kazi karibu saa zote. Makampuni matatu, kila moja na wateja wa aina yake, yangehitaji mitambo mitatu, na kila mmoja ungekaa bure sehemu kubwa ya siku.

Sasa fikiri mtaa mmoja wenye makampuni mawili. Nguzo zitakuwa safu mbili na nyaya safu mbili, lakini wateja ni wale wale, wamegawanyika nusu kwa nusu. Gharama ya nguzo kwa kila mteja huwa maradufu. Aghalabu kampuni moja hushindwa ikanunuliwa na nyingine, au yote mawili hupatana kwa siri kupandisha bei. Wahenga walikwisha sema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Wataalamu wa uchumi huiita hali hii ukiritimba wa asili: ni ukiritimba utokanao na tabia ya kazi yenyewe, wala si hila za mtu.

GHALA ZA NAFAKA ZA CHICAGO

Chimbuko la tume tunazozizungumzia liko Marekani, na kesi iliyofungua njia haikuhusu umeme wala maji. Ilihusu ghala za nafaka. Katika karne ya 19 wakulima wa nyanda za kati za Marekani walipeleka ngano na mahindi yao Chicago kwa reli. Huko nafaka ilipandishwa katika maghala marefu, ikahifadhiwa, kisha ikashushwa katika meli kuelekea mashariki. Mwaka 1874 palikuwapo maghala 14 ya aina hiyo mjini Chicago, yote chini ya makampuni tisa, na bei ya kuhifadhi nafaka ilikuwa ikipangwa kila mwaka kwa mapatano ya wenye maghala wenyewe. Mkulima hakuwa na njia nyingine ya kupitisha mavuno yake.

Mwaka 1871 Bunge la jimbo la Illinois lilitunga sheria ya kuweka kikomo cha bei hiyo. Wenye maghala wakapinga, wakasema kwamba mali ni yao na serikali haina haki ya kuwapangia bei. Shauri likafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1877 Jaji Mkuu Morrison Waite akatoa hukumu iliyowapa ushindi watu wa Illinois. Aliegemea fikra ya Matthew Hale, mwanasheria wa Uingereza wa karne ya 17, aliyefundisha kwamba mtu akiitumia mali yake kwa namna inayoyagusa maslahi ya umma, mali hiyo haiwi yake peke yake tena. Akiuweka wazi mlango wake uwe njia ya watu wote, na njia nyingine hakuna, hana budi kukubali kudhibitiwa kwa manufaa ya wote.

Fikra hiyo ndiyo msingi wa jengo zima. Lakini Bunge haliwezi kukaa kila mwezi kupanga bei ya gesi, nauli ya treni na ada ya maji. Wabunge hawana muda huo, wala utaalamu huo. Ndipo likazuka wazo la kuunda chombo maalumu cha watu wachache, chenye wahasibu na wahandisi, kifanye kazi hiyo mwaka mzima. Massachusetts iliunda bodi ya makamishna wa gesi mwaka 1885. Mwaka 1887 serikali ya shirikisho ikaunda tume ya kusimamia nauli za reli zinazovuka mipaka ya majimbo, iliyodumu hadi ilipofutwa kwa sheria ya mwaka 1995.

MFANYABIASHARA ALIYEOMBA KUDHIBITIWA

Kwa upande wa umeme kulitokea jambo la ajabu: mmoja wa watu wa kwanza kutaka tume alikuwa mwenye kampuni mwenyewe. Samuel Insull alizaliwa London mwaka 1859, akaenda Marekani mwaka 1881 kuwa katibu wa mvumbuzi Thomas Edison, na mwaka 1892 akashika uongozi wa kampuni ya Chicago Edison. Wakati huo mji ulikuwa na makampuni mengi madogo madogo ya umeme, kila moja na mtambo wake na nyaya zake, na vibali vyake vilitoka kwa madiwani wa mji. Kupata kibali mara nyingi kulihitaji hongo, na kibali chenyewe kiliweza kupewa mtu mwingine kesho yake.

Insull alikuwa ameielewa mapema ile hesabu ya saa za matumizi. Aliyanunua makampuni madogo, akavutia wateja wa mchana kama vile viwanda na treni za mjini, akashusha bei, na mwaka 1903 akasimika katika kituo cha Fisk Street mtambo wa tabo wa kilowati 5,000, uliokuwa mkubwa mno kwa wakati wake. Mitambo ya namna hiyo ilihitaji fedha nyingi za mkopo, na wakopeshaji hawakopeshi mtu ambaye kibali chake kinaweza kuchukuliwa wakati wowote. Kwa hiyo mwaka 1898, akizungumza mbele ya wenzake wa chama cha makampuni ya umeme, alipendekeza mapatano: jimbo liwape makampuni haki ya kuhudumia eneo bila mshindani, nayo yakubali bei zake zipangwe na tume kulingana na gharama.

Wengi hawakumsikiliza siku hiyo. Lakini mwaka 1907 majimbo ya Wisconsin na New York yalipitisha sheria za kuunda tume zenye nguvu. Ile ya Wisconsin ilitungwa kwa msaada wa John R. Commons, mwalimu wa uchumi katika chuo kikuu cha jimbo hilo, na majimbo mengine mengi yaliiga.

Historia ya Insull ina mwisho wa huzuni unaofundisha. Aliunda makampuni yaliyomiliki makampuni, tabaka juu ya tabaka, yakienea katika majimbo mengi kiasi ambacho tume ya jimbo moja haikuweza kuona hesabu zote. Mnyororo huo ulivunjika mwaka 1932 wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na watu wa kawaida waliokuwa wamenunua hisa wakapoteza akiba zao. Insull mwenyewe alishtakiwa na kuachiliwa na mahakama mwaka 1934. Mwaka 1935 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuyavunja makampuni ya aina hiyo. Funzo lilikuwa wazi: tume isiyoweza kufungua vitabu vyote vya hesabu ni mlinzi aliyefumbwa jicho moja.

TUME HUFANYAJE HESABU?

Kazi ya tume huanza pale kampuni inapoleta maombi ya kupandisha bei. Maombi hutangazwa. Kampuni hutoa vitabu vyake, ambavyo vimeandikwa kwa mfumo ulioamriwa na tume, ili gharama ya nguzo iitwe gharama ya nguzo kila mahali. Wahasibu na wahandisi wa tume huvipitia. Wawakilishi wa wateja na wenye viwanda huruhusiwa kuhoji. Kikao hufanywa hadharani, ushahidi huandikwa, na mwishoni makamishna hutoa uamuzi wenye sababu, ambao mtu yeyote aliyeguswa aweza kuukatia rufani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mapato ambayo kampuni inaruhusiwa kukusanya kwa mwaka ni jumla ya vitu vitatu: gharama za uendeshaji, uchakavu wa mitambo kwa mwaka huo, na faida halali juu ya thamani ya mtaji uliobaki kazini. Tutoe mfano wa kubuni.

Tuseme kampuni fulani imewekeza shilingi bilioni 100 katika mitambo, nguzo na nyaya. Kati ya hizo, bilioni 40 zimekwisha rudishwa na wateja wa miaka iliyopita kama uchakavu. Mtaji uliobaki ni bilioni 60. Tume ikiruhusu faida ya asilimia 10, hiyo ni bilioni 6. Mafuta, mishahara na matengenezo ni bilioni 20 kwa mwaka. Uchakavu wa mwaka ni bilioni 4. Jumla ni shilingi bilioni 30. Kampuni ikiuza yuniti milioni 150, bei ya wastani ni Sh. 200 kwa yuniti.

Sasa msomaji aone mahali vita vinapopiganwa. Asilimia moja tu ya faida, kutoka 10 hadi 11, ni shilingi milioni 600, yaani Sh. 4 katika kila yuniti. Mtambo ambao bado haujakamilika ukiingizwa katika mtaji, wateja wa leo wanalipia umeme ambao huenda wakaupata wajukuu wao. Ndiyo maana tume nyingi hudai kwamba kitu kisihesabiwe mpaka kiwe kinatumika na chenye manufaa. Magari ya anasa ya wakubwa yakifichwa katika fungu la matengenezo, mhasibu wa tume hana budi kuyatoa humo.

Kuna pia suala la upotevu. Tuseme kampuni yetu ilizalisha yuniti milioni 187.5 ili kuuza hizo milioni 150. Asilimia 20 zilipotea njiani, nyingine kwa joto la nyaya, nyingine kwa wizi na mita mbovu. Tume yaweza kusema: kampuni yenye uangalifu hupoteza asilimia 15 tu. Basi itagawa zile bilioni 30 kwa yuniti milioni 159.4, na bei itakuwa kiasi cha Sh. 188. Kampuni isiporekebisha nyaya zake itapungukiwa na karibu shilingi bilioni 1.8, na upungufu huo utatoka katika faida yake, wala si mfukoni mwa mteja. Kwa njia hii kalamu ya mhasibu huweza kumtuma fundi juu ya nguzo.

Baada ya jumla kupatikana, hubaki kazi ya kugawa mzigo miongoni mwa wateja. Kiwanda kinachochukua umeme mwingi kwa msongo mkubwa hakihitaji transfoma ndogo za mitaani, hivyo gharama yake kwa yuniti ni ndogo. Nyumba maskini nayo haina uwezo wa kulipa bei ya wastani. Sayansi huweza kueleza gharama ya kila mmoja. Lakini nani ambebee nani, hilo ni swali la haki, na makamishna hulijibu kwa dhamiri zao.

FAIDA YA HAKI NI IPI?

Kwa miaka mingi mahakama za Marekani zilihangaika na swali la thamani ya mtaji. Katika hukumu ya mwaka 1898 kuhusu nauli za reli za Nebraska, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kampuni inastahili faida ya haki juu ya thamani ya haki ya mali yake. Maneno mazuri, lakini thamani ya haki ni ipi? Ni fedha zilizotumika hapo mwanzo, au ni fedha zitakazohitajika kujenga upya leo? Bei za vitu zilipopanda baada ya Vita Kuu ya Kwanza, makampuni yalidai hesabu ya leo. Wahandisi wakaitwa mahakamani kubishana juu ya thamani ya kila bomba, na kesi zikachukua miaka.

Mwaka 1944 mahakama hiyo ilikata fundo katika shauri la kampuni ya gesi ya Hope ya West Virginia. Kampuni ilidai kwamba mtaji wake usihesabiwe chini ya dola milioni 66. Tume ya shirikisho ilikuwa imehesabu zaidi kidogo ya dola milioni 33, ikifuata fedha zilizotumika kweli. Mahakama iliamua kwamba la muhimu si njia ya hesabu bali matokeo yake: je, mapato yanatosha kuiwezesha kampuni kusimama, kulipa wenye mikopo na kuwavutia wenye mitaji, bila kumnyonya mteja? Tangu hapo mabishano yalihamia zaidi katika kiwango cha faida.

MITEGO MITATU

Mtego wa kwanza ulielezwa na wataalamu wawili wa uchumi, Harvey Averch na Leland Johnson, mwaka 1962. Ikiwa tume inaruhusu faida ya asilimia 10 juu ya mtaji, na kampuni yaweza kukopa kwa asilimia 7, basi kila shilingi bilioni moja inayoongezwa katika mitambo huleta ziada ya milioni 30 kwa mwaka. Kampuni basi huvutwa kujenga kupita kiasi: mtambo mkubwa pale ambapo mdogo ungetosha. Tume iliyokusudiwa kupunguza gharama huweza kuziongeza bila kujua.

Mtego wa pili ni wa elimu. Kampuni inajifahamu kuliko tume inavyoifahamu. Ina wahandisi mamia. Tume ina wachache, tena wanaotamani mishahara ya kampuni. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwaka 1971 George Stigler wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1982, alidai kwamba mara nyingi udhibiti huishia kuitumikia sekta yenyewe inayodhibitiwa. Mlinzi na mlindwa huzoeana, wakala meza moja, na mteja akabaki nje ya mlango. Dawa yake si moja: vikao vya wazi, vitabu vya wazi, wawakilishi wa wateja wenye fungu lao la fedha, na makamishna wasioruhusiwa kuajiriwa na kampuni mara watokapo kazini.

Mtego wa tatu ni kinyume chake, na ndio unaozikabili zaidi nchi zinazoendelea. Serikali, kwa kuogopa lawama, huweza kuizuia bei chini ya gharama mwaka baada ya mwaka. Mwanzoni watu hushangilia. Kisha matengenezo huahirishwa, madeni kwa wauza mafuta hukua, mgawo wa umeme huanza, na mwenye cherehani hukaa gizani. Bei nafuu ya umeme usiokuwapo haimfaidii mtu.

California ilionja uchungu wa jambo hili. Kufuatia sheria ya mwaka 1996, jimbo hilo liliyafanya makampuni yake makubwa yanunue umeme katika soko huria huku bei ya mteja imefungwa. Mwaka 2000 na 2001 bei ya soko iliruka, huku baadhi ya wafanyabiashara wakiichezea kwa hila. Makampuni yakawa yananunua ghali na kuuza rahisi. Taa zilizimwa mitaani, na Aprili 2001 kampuni kubwa ya kaskazini mwa jimbo, Pacific Gas and Electric, ikaomba kinga ya mufilisi. Wanaofungua mlango mmoja wa nyumba na kuufunga wa pili wasishangae moshi ukiwajaa ndani.

Waingereza walijaribu njia nyingine. Walipobinafsisha shirika lao la simu mwaka 1984, walifuata shauri la mtaalamu Stephen Littlechild: badala ya kukagua faida kila mara, tume iweke kikomo cha bei kwa miaka kadhaa, kikipanda kwa kasi ya gharama za maisha ukitoa asilimia fulani. Kwa simu, mwanzoni asilimia hiyo ilikuwa tatu. Kampuni ikipunguza gharama zaidi ya hapo, ziada ni yake hadi ukaguzi unaofuata. Njia hii huondoa tamaa ya kujenga kupita kiasi, lakini huleta tamaa ya kubana matengenezo. Kwa hiyo kikomo cha bei hakina budi kuandamana na viwango vya ubora vinavyopimwa.

HALI YA AFRIKA YA MASHARIKI

Katika nchi zetu, kwa muda mrefu baada ya Uhuru, waziri ndiye aliyekuwa msimamizi, na shirika lilikuwa mali ya umma. Ilidhaniwa kwamba shirika la umma halihitaji tume, kwa kuwa umma hauwezi kujinyonya. Uzoefu ulionyesha kwamba shirika la umma nalo huweza kuzembea, na pia huweza kuonewa kwa kuamriwa kuuza kwa hasara.

Uganda iliunda mamlaka yake ya umeme kwa sheria ya mwaka 1999. Kenya, iliyoanza na bodi ya umeme ya mwaka 1997, sasa ina mamlaka ya nishati na petroli chini ya sheria ya mwaka 2019. Tanzania ilitunga mwaka 2001 sheria ya kuanzisha Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, iliyoanza kazi mwaka 2006. Wananchi wengi wanaifahamu kwa bei kikomo za mafuta zinazotangazwa kila mwezi, lakini kazi yake yahusu pia umeme, gesi asilia na maji. TANESCO au mamlaka ya maji ya mji ikitaka kubadili bei, huleta maombi, na EWURA huitisha mkutano wa taftishi ambapo mwananchi yeyote aweza kusimama na kusema. Lipo pia baraza la kuwatetea watumiaji, na rufani hupelekwa Baraza la Ushindani. Zanzibar ina mamlaka yake.

Suala la haki ya maskini nalo limejibiwa kwa namna yake. Kwa bei zilizoamriwa mwaka 2016, mteja mdogo wa majumbani asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi alitozwa Sh. 100 kwa yuniti, wakati mteja wa kawaida alitozwa Sh. 292, kabla ya kodi na tozo. Aliyekwisha nunua umeme wa LUKU wa shilingi elfu mbili anaijua vizuri maana ya tofauti hiyo.

Mwaka huo huo ulionyesha pia ugumu wa kazi hii. TANESCO iliomba ongezeko la zaidi ya asilimia 18. Baada ya uchunguzi na mikutano, mwezi Desemba EWURA iliidhinisha asilimia 8.5, lianze kutumika tarehe 1 Januari 2017. Kabla halijaanza, serikali ililisitisha, na mkurugenzi mkuu wa shirika akaondolewa. Wako waliosema kwamba serikali ilifanya vema kuwaokoa wananchi na viwanda vichanga. Wako waliouliza: ikiwa hesabu ya tume ilikuwa sahihi, pengo hilo litazibwa na nani, na ikiwa haikuwa sahihi, mbona haikukosolewa katika mkutano wa taftishi? Maswali yote mawili ni ya haki. Tume iliundwa ili yajibiwe kwa takwimu mbele ya watu wote.

WAJIBU WA MWANANCHI

Tumeona kwamba tume si dawa ya kila ugonjwa. Ni mizani, na mizani hupima sawa ikiwa tu kila upande umeweka kitu chake. Kampuni haikosi kuweka chake, kwa kuwa ina mawakili na wahasibu wa kuisemea. Serikali nayo ina sauti. Upande ambao mara nyingi huwa mtupu ni wa mteja. Tangazo la mkutano hubandikwa, siku hufika, na viti vya ukumbi hukaa wazi. Kisha bei ikitangazwa manung'uniko hujaa vijiweni.

Mwananchi hahitaji shahada ya uchumi ili kuuliza katika mkutano wa namna hiyo. Yatosha aulize: kati ya yuniti mia mlizozalisha, ngapi zilipotea njiani? Mtambo mnaotutoza umeanza kufanya kazi? Faida mnayoomba ni asilimia ngapi, na mnakopa kwa asilimia ngapi? Transfoma ya mtaa wetu iliungua, ilichukua siku ngapi kubadilishwa? Makamishna wanawajibika kuyaandika maswali hayo, na shirika linawajibika kuyajibu. Akiisha kuuliza na kujibiwa, atakuwa amesimama mahali pale pale aliposimama mkulima wa Illinois, na bei ya waya ule mmoja uingiao nyumbani kwake itakuwa imepangwa naye akiwapo.